Kitanda cha Mama Drusilla

Jumanne ni siku ya wazee katika kanisa la Chepilat. Alfajiri akina mama wa jikoni huwasha kuni, na ikifika saa nne ukumbi huwa umejaa fimbo, kofia na vikohozi. Wazee hupimwa presha, hunywa uji, huoshwa miguu na kukatwa kucha, hula wali kwa maharagwe, kisha gari la kanisa huwarudisha kwao. Hakuna anayeulizwa dini wala kabila. Wengi wao walichuma chai kwenye mashamba makubwa mpaka mashine zikaja kuwaondoa, na migongo yao imebaki imeinama kama vile kikapu bado kiko juu.

Danson alifika siku hiyo kabla moto haujashika. Usingizi ulikuwa umemkimbia tangu Jumapili. Alipanga viti, akavipangua, akavipanga tena, na kila mlango ulipolia aligeuza shingo. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na tatu, mrefu, wa sauti ya taratibu. Ndiye katibu wa Kamati ya Huruma ya kanisa hilo, na ndiye mtoto wa pekee wa kiume wa Wakonyo, mama aliyeuza mabati na misumari pale sokoni tangu Danson akiwa mgongoni. Lakini Jumanne hiyo hakuwa katibu wala mtoto wa mtu. Alikuwa mtu anayengoja kuambiwa kama bado ana mchumba.

Nyabate aliingia saa nne na robo, ndoo ya maji moto mkono mmoja, taulo na mkasi mkono wa pili. Alivaa sweta lake la kazini, maana mchana alikuwa karani kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Siku nyingine angeingia macho yakimtafuta Danson kwanza, halafu ndipo angewaona watu wengine. Leo alianza na wazee. Aliwapa mkono mmoja mmoja, benchi zima, akauliza habari za magoti, za wajukuu, za ng'ombe aliyekuwa mgonjwa. Mwisho kabisa akamfikia Danson.

"Habari ya asubuhi," akamwambia.

"Nzuri. Nyabate..."

"Tuanze na Mzee Mageto. Ana haraka."

Mzee Mageto hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, sikio moja limekufa, la pili kali kama la paka, na alikuwa amekaa na lile zuri likiwaelekea.

Ratiba ya kamati iliwaweka hao wawili pamoja tangu mwezi wa pili. Danson aliosha, Nyabate alikata. Kuna watu hupendana kwenye harusi za wenzao, kuna wanaopendana kwa simu. Hawa walipendana wakiwa wamepiga magoti mbele ya miguu ya wazee, vichwa vikikaribiana juu ya beseni, wakinong'ona ili wasisikike na wakicheka kimya kimya mzee akilalamika kwamba maji yana moto. Danson alishajua mpaka harufu ya mafuta ya nywele zake. Alijua akikasirika hushika mkasi kwa ncha za vidole, na leo ulikuwa umeshikwa hivyo.

Mambo hayakuwa rahisi tangu mwanzo. Danson alipotangaza kwao kwamba amempata msichana Mkisii, Wakonyo aliuliza, huku akifunga misumari kwenye gazeti, kama wasichana wa kwao walikufa wote kwa ugonjwa gani. Upande wa pili, Onchiri, baba mdogo wa Nyabate, aliuliza kama wanaume wameisha Nyamira nzima. Ni mama yake Nyabate, Drusilla, aliyelainika kwanza. Alisema kijana anayekata kucha za wazee wasio wa kwao hawezi kumtesa mtoto wake. Maneno hayo ndiyo yaliyomnyamazisha Onchiri. Ikapangwa tarehe kumi na tatu mwezi wa kumi na mbili, wazee wa akina Danson wavuke mpaka wa Nyamira waje wazungumze habari za mahari.

Basi Danson akaanza kutembelea kwa Mama Drusilla kama mtu anayetarajiwa. Alikaa sebuleni, kwenye kiti cha karibu na mlango kama inavyostahili, akanywa chai, na kila mvua iliponyesha alisikia matone yakigonga kitu cha bati huko chumbani. Mama Drusilla angeongeza sauti ya mazungumzo ili matone yasisikike. Danson angemsaidia kwa kuongeza yake. Walikuwa wanapiga kelele mpaka mvua ipite.

Kwao kulijaa mabati kutoka sakafuni mpaka darini. Kila asubuhi alifungua duka na mama yake, kila asubuhi alifungua mdomo amwombe mabati kumi na mawili ya mama mkwe, na kila asubuhi mdomo ukajifunga wenyewe. Alimwogopa Wakonyo. Hilo ndilo jambo lenyewe, hakuna haja ya kulizungusha. Mwanamume mzima, ndevu zake, gari la mzigo analiendesha mpaka Kisumu, lakini mbele ya mama yake alikuwa wa darasa la tatu.

Akatafuta njia ya pembeni. Kila mwaka Kamati ya Huruma huwajengea watu wawili nyumba. Danson akaandika jina la Drusilla. Siku ya kikao Nyabate, ambaye naye ni mwanakamati, alikuwa kituoni, maana msimu ulikuwa wa majani mengi. Danson akawaomba wenzake wasimwambie kitu. Alisema anataka afurahi ghafla.

Sasa, kamati ina utaratibu wake. Nyumba haijengwi mpaka waumini waone hali ilivyo, wasikie huruma, watoe. Picha hupigwa na kuonyeshwa ukutani siku ya ibada. Ijumaa moja, Mama Drusilla akiwa ameenda kliniki ya mgongo, Danson alifungua mlango uliofungwa kwa waya, akaingia mpaka chumbani, akapiga picha.

Na hapa ndipo alipokosea kosa ambalo mtu wa kwao Nyabate hawezi kukosea hata akiwa amelewa. Kwa Wakisii, mkwe na mama mkwe wana heshima kati yao inayoitwa chinsoni. Mkwe haingii chumba anacholala mama wa mke wake. Hakioni kitanda cha mama mkwe, kuanzia siku anaposema anamtaka binti mpaka siku ya kufa. Nyabate alimwambia hayo mwezi wa kwanza wa mapenzi yao, akicheka, na Danson akaitikia kwa kichwa, jinsi wanaume wanavyoitikia bila kusikia.

Jumapili picha ikatokea ukutani, kubwa kama mlango wa ghala. Kitanda kimebonyea katikati. Sufuria juu ya godoro, imejaa maji nusu. Gauni la kulalia limening'inia kwenye msumari. Watu mia nne walitazama. Mama Drusilla alikuwa benchi la tatu kutoka mbele, na Pasta Kipkurui, mtu mwema asiye na hila, ambaye mpaka leo humwita Danson "Tanson", alimshukuru ndugu Tanson kwa kwenda mpaka ndani kuiona shida ya mama huyu.

Kisha Mama Drusilla akaitwa mbele. Anayesaidiwa hufunikwa shuka na mwenyekiti wa akina mama, kanisa linyooshe mikono kumwombea. Mwenyekiti wa akina mama ni Wakonyo. Wanawake wawili waliokuwa wakutane kama wakwe tarehe kumi na tatu, kila mmoja na gauni lake zuri na maneno yake aliyoyapanga, walikutana pale, mmoja akimfunika mwenzake kama anavyofunikwa mtu aliyeokotwa njiani. Mama Drusilla alisema asante kwenye kipaza sauti. Akatoka kwa mlango wa pembeni. Akatembea mpaka kwake juani, shuka ikiwa bado mabegani.

Jumatatu dukani, Wakonyo hakufungua hesabu wala redio. Alikaa juu ya mfuko wa simiti akamtazama mtoto wake.

"Ile nyumba ya yule mama. Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi, Mami."

"Na mabati tumekalia hapa."

Danson akainua macho kwenye mabati.

"Danson, mbona hukuniomba?"

"Niliona utakataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ningekutukana mpaka jioni, wewe na huyo msichana. Halafu kesho yake ningekwambia uchukue na misumari." Akafuta macho kwa ncha ya aproni, kwa hasira, kama yanamwasha. "Lini niliwahi kukunyima kitu? Nitajie siku moja."

Danson alijaribu kuitafuta hiyo siku. Hakuipata.

Wakonyo akasema kwa sauti ya chini ambayo Danson hakuwa ameizoea, "Mwambie mimi nilikunyima. Mwambie uliomba nikakufukuza. Mimi nimezoea kuchukiwa, hii soko nzima inanichukia na ninakula vizuri. Usipoteze msichana kwa sababu yangu."

Ndiyo maana Jumanne hiyo Danson alipiga magoti mbele ya Mzee Mageto akiwa na uongo uliokuwa tayari mdomoni, uongo aliopewa na mama yake mwenyewe, kwa mapenzi.

Aliosha mguu wa kwanza. Nyabate alikata kucha mbili. Kucha ya tatu ndipo alipozungumza, bila kuinua uso. Alisema mama yake hajala tangu Jumapili isipokuwa chai. Alisema Baba Mdogo Onchiri alikuja Jumatatu asubuhi, akasimama uani, akakataa kukaa. Alisema jirani mmoja aliuliza kwa upole kama ni kweli lile gauni lilikuwa la bluu.

"Nilitaka kumjengea," Danson akasema. "Nyabate, nilikuwa nasikia yale matone. Ilikuwa inaniumiza."

"Najua."

"Sikufikiria ile habari ya chinsoni. Nilisahau. Naapa nilisahau."

"Hata hiyo naijua. Wewe si mtu mbaya, Dan. Mtu mbaya ningekuwa nimeshamaliza na yeye, nisingekuja hapa kushika mkasi."

Mzee Mageto akakohoa. "Zamani," akasema kama anayezungumza na dirisha, "mtu akiona kitanda cha mkwe kwa bahati mbaya, wazee wanachinja mbuzi, yaisha. Hiyo ni mbuzi moja, mtu mmoja. Sasa hawa mia nne, tutachinja mbuzi ngapi? Tutamaliza soko ya Chepilat."

Benchi la karibu likacheka. Hata Nyabate mdomo ulimcheza, na Danson alipouona ule mdomo ukicheza moyo ulimruka. Kwa dakika moja ilikuwa kama zamani, yaani kama juma lililopita. Alitaka kumgusa mkono ulioshika mkasi. Maji yalikuwa yanapoa na hakuyabadilisha, kwa kuogopa kuinuka na kuirudisha dakika hiyo ilikotoka.

Nyabate akahamia mguu wa pili. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imelainika.

"Nimefikiria siku mbili. Nimewaza hivi: huyu mtu kwao kuna mabati. Kwa nini aende kwa kamati? Labda aliomba kwao akanyimwa. Labda mama yake alimwambia hakuna bati yangu itavuka mpaka. Mama yako ni mkali, kila mtu anajua. Ikiwa ni hivyo, ulibanwa, ukatafuta mlango mwingine, ukakosea mlango. Hiyo naweza kumweleza mama. Atalia siku nyingine mbili, ya tatu ataelewa, na Baba Mdogo atamsikiliza yeye." Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akainua macho. Yalikuwa mekundu, na yalimtazama Danson kwa kumwomba. "Ni hivyo, Dan? Ulimwomba akakataa?"

Danson aliona njia imefunguliwa pande zote mbili. Mama yake ameshika mlango huku, mchumba wake ameushika kule, yeye ni kupita tu. Neno moja. Ndiyo. Angeenda nalo mpaka tarehe kumi na tatu, mpaka harusini, mpaka watoto. Na kila sikukuu Nyabate angemtazama Wakonyo kama mwanamke aliyeacha mama yake anyeshewe, na Wakonyo angevumilia kimya, kwa sababu alisema amezoea kuchukiwa.

Akaiweka taulo chini.

"Sikumwomba," akasema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Niliogopa. Jana ameniambia ningeomba angenipa."

Mzee Mageto alikuwa ameugeuza uso kabisa, akijifanya anahesabu mbao za dari. Jikoni mtu aliangusha kifuniko cha sufuria.

"Miezi tisa," hatimaye Nyabate akasema. "Mama ananyeshewa miezi tisa, na dawa ilikuwa ni wewe kufungua mdomo."

"Ndiyo."

"Mimi mama mkali sikumwogopa, Dan. Nilijiambia nitamzoea. Lakini siku nimeshaingia kwenu, jambo limenipata, niko kwa ile nyumba na hakuna mtu wa kwetu karibu, nani atanisemea? Utaandika jina langu kwa kamati?"

Aliyasema kwa upole, na upole ndio uliomchoma. Danson alijitetea. Alisema amebadilika. Alisema leo ameweza kusema ukweli ingawa alijua utamgharimu nini. Alisema atakwenda kwa Mama Drusilla kwa magoti, na wazee, na mabati, na mbuzi kama mbuzi anatakiwa.

"Leo umesema, nimekusikia," Nyabate akajibu. "Natamani huyu wa leo ndiye angekuwa ameingia dukani mwezi wa tatu." Akakausha kidole cha mwisho cha mzee, taratibu, akakifunika kwa taulo. "Kwa mama usiende. Hana hasira na wewe. Anaona aibu. Hawezi kukaa chumba kimoja na mwanamume aliyeona kitanda chake, na wewe unataka kumwomba msamaha. Utamwomba mtu anayekupa mgongo?"

"Kwa hiyo?"

"Mama amekataa nyumba. Ameomba ijengewe Mama Nyaberi, yule mjane wa kule chini. Tafadhali badilisha jina. Na Alhamisi Baba Mdogo atampigia simu mjomba wako James, awaambie wazee wasijisumbue tarehe kumi na tatu."

"Nyabate, wewe mwenyewe unataka hivyo?"

Alikuwa ameshasimama na ndoo yake. Machozi yalimshuka, akayaacha yashuke, mikono ilikuwa na kazi.

"Mimi nataka nini?" akasema. "Mimi nilitaka wewe. Bado nakutaka, hata sasa hivi. Ndiyo maana nakuambia mbele ya Mzee Mageto, nisije nikageuka kesho."

Akaenda kwa mzee aliyefuata na kumwomba Pasta amletee mtu mwingine wa kuosha. Alifanya kazi mpaka mguu wa mwisho, akawagawia wazee chakula, akawacheka waliolalamikia chumvi. Saa saba akavua aproni akaenda kituoni kwa mguu, kupitia katikati ya mashamba ya chai, sweta lake likionekana na kupotea, kuonekana na kupotea.

Mchana huo Morris, dereva wa kanisa, alikuwa amempeleka mgonjwa hospitali kwa gari la jirani, kwa hiyo Danson ndiye aliyewarudisha wazee. Mvua ilianza kwenye daraja. Aliwashusha mmoja mmoja, akawashika mikono kwenye utelezi, akasubiri kila mlango ufunguliwe. Mwisho akabaki na Mzee Mageto peke yake, na kwenda kwa Mzee Mageto ni lazima upite kwa Mama Drusilla.

Mama huyo alikuwa nje, akikusanya kuni zisilowe. Jumanne ambazo Danson aliwasindikiza wazee, aliposikia gari hilo alitoka mpaka barabarani, mkono kwenye paji la uso, kumuuliza Danson kama amekula. Danson alipunguza mwendo. Hakujua alitaka nini. Labda aonwe tu.

Mama Drusilla aliliona gari. Alishusha macho, akajitanda leso usoni kama anavyojitanda mwanamke anayepishana na mwanamume asiyepaswa kumtazama, akaziacha kuni pale pale chini. Akaingia nyumbani, akavuta mlango. Danson alisikia waya ukifungwa kwa ndani.

Mzee Mageto akavuta kofia yake mpaka machoni.

Danson alikaa hapo, mguu kwenye breki. Mvua ikaongezeka. Ilimwagika juu ya chai, juu ya barabara, juu ya zile kuni, na juu ya lile paa kuukuu, na yeye alijua sasa, kwa kuwa alikuwa amekiona kwa macho yake, ni mahali gani hasa pa kitanda ilikuwa inaangukia.